Binti Ameitwa Kazi ya Bima



Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja wa Kisauni ambaye, kwa ombi lake, hatutamtaja jina. Binti yake aliyehitimu uuguzi mwaka jana ameitwa kazini na kampuni kubwa ya bima ya afya. Mshahara ni mzuri, ofisi ina kiyoyozi, na hakuna kuinua wagonjwa usiku kucha. Baba amefurahi. Mama hana raha, wala hajui kwa nini hana raha. Anatuuliza: huko bima muuguzi anafanya kazi gani hasa, na kazi hiyo humfanya mtu awe mtu wa namna gani?

Barua hii tulikaa nayo siku tatu kabla ya kuijibu. Wasomaji wetu wengi hawajui kwamba kabla ya kushika kalamu ya safu hii sisi wenyewe tuliifanya kazi hiyo kwa miaka 9. Hatujapata kuisimulia hapa. Kampuni hatutaitaja, kwani yaliyotupata huko yangeweza kutupata kwingine kokote, na sehemu kubwa ya kosa tutakalolieleza ni letu.

Tulitoka wodini. Tulihudumu miaka 5 katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya hapa Pwani, tukachoka mgongo na miguu, na wadogo zetu wawili walikuwa wakingoja karo. Bima waliajiri wauguzi kwa sababu waliitaka elimu yetu: mtu asiyejua dawa hawezi kujua kama bili ya hospitali inasema kweli. Tulipewa kadi ya mlangoni, kiti kizuri, na meza katika ukumbi wenye safu za meza kama darasa. Kila mtu alikuwa na vipokea sauti vya masikioni na kompyuta mbili mbele yake. Palikuwa na chumba kidogo cha kuswalia. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tukifungua saumu pale pale mezani kwa tende na maji, mkono mmoja ukiendelea kubofya.

Dawati letu liliitwa dawati la idhini. Mgonjwa mwenye kadi anapofika hospitalini na ikaonekana anahitaji kulazwa au kupasuliwa, hospitali hupeleka fomu bima. Fomu ina nambari ya mwanachama, ugonjwa, matibabu yanayotakiwa na makisio ya gharama. Muuguzi wa bima huangalia kama kadi iko hai, kama kiwango cha mwaka hakijaisha, na kama ugonjwa ule haumo katika orodha ya mambo yasiyolipwa. Mambo yakiwa sawa hutoa barua ya dhamana, yaani ahadi kwamba kampuni italipa hadi kiasi fulani. Barua hiyo ikichelewa, familia huambiwa pale kaunta iweke fedha taslimu kwanza. Kila mwenye kupata kukaa kwenye kile kibao cha mapokezi, akimwangalia mgonjwa wake na akiiangalia simu, anajua dakika zile zilivyo ndefu.

Sisi kwa upande wetu dakika tulizihesabu kwa rangi. Fomu ikiingia huwa kijani kwenye kompyuta, ikikaa hugeuka manjano, na ikifika dakika 30 bila jibu huwa nyekundu. Mwisho wa mwezi kila mmoja hupewa alama zake, na nyekundu zote zimo ndani. Alama hizo ndizo zilizoamua nyongeza ya mshahara, na pia nani atapangiwa zamu ya usiku.

Jambo la kwanza linalombadilisha mtu ni lugha. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa yote, na kila ugonjwa umepewa herufi na tarakimu zake. Siku zetu sukari ya ukubwani ilikuwa E11. Presha ilikuwa I10. Mzigo huu wa nambari una faida yake, kwani daktari wa Lamu na karani wa Nairobi huelewana bila kubishana. Lakini baada ya miezi michache mtu anapokwenda kunywa chai humwambia mwenziwe, “Leo nimepata E11 watano,” na mwenziwe hacheki, kwa sababu hakuna kilichosemwa cha kuchekesha. Sisi tuliokuwa tukiwajua wagonjwa wetu wodini kwa majina ya watoto wao, Mama Fulani na Mama Fulani, tulianza kuwajua kwa tarakimu.

Kuna neno jingine lililotushangaza siku za mwanzo. Katika hesabu za bima, fedha inayolipwa kwa ajili ya matibabu ya mwanachama huitwa hasara, na sehemu ya michango inayokwenda kwenye matibabu huitwa uwiano wa hasara. Si Kenya peke yake. Ndivyo wanavyosema duniani kote. Marekani, ambako kampuni za namna hii ni kubwa kupita kiasi, sheria ya mwaka 2010 ilizilazimisha zitumie angalau asilimia 80 ya michango kwa matibabu na kuboresha huduma, na asilimia 85 kwa bima za makundi makubwa, ama sivyo zirudishe tofauti kwa wanachama. Maana yake ni kwamba ilionekana haja ya sheria. Mtu akiisikia fedha ya matibabu ikiitwa hasara kila Jumatatu asubuhi kikaoni, mwaka nenda mwaka rudi, hatimaye huona uchungu ikitoka kana kwamba inatoka mfukoni mwake.

Hata hivyo hatupendi kusema uongo juu ya watu tuliokula nao. Nusu ya kazi ile ni ulinzi wa haki. Fedha ya mfuko ni ya wanachama, na wezi wake si haba. Tumeona kadi moja ikitibu ukoo mzima: mwenye kadi ana miaka 50, na dawa zilizochukuliwa ni za mtoto wa miaka 6. Tumeona zahanati ikimlaza mtoto mwenye mafua siku tatu kwa sababu tu baba yake ana bima nzuri. Tumeona bei mbili za kipimo kile kile, moja ya mwenye fedha taslimu na moja, ya juu zaidi, ya mwenye kadi. Kila shilingi inayopotea hivyo huwarudia wanachama wote mwaka unaofuata kwa ada kubwa zaidi. Tulipowakamata watu hao tulifurahi, na hadi leo hatujutii. Na siku mtoto wa miaka 9 alipoletwa hospitali ya Malindi na kidole tumbo kilichokaribia kupasuka, tukatoa barua kwa dakika 4, tulilala usingizi mzuri kama wa wodini.

Tatizo ni kwamba jicho lililozoea kumtafuta mwizi halipumziki. Humwangalia hata asiye mwizi.

Sasa tulifikie lile tulilokuwa tukilizunguka.

Ilikuwa tarehe 10 Disemba, mwaka wetu wa tano pale, saa 7 na dakika 10 usiku. Fomu iliingia kutoka hospitali moja ya binafsi ya Mombasa. Mwanamke wa miaka 27, uzazi wa kwanza, aombewa idhini ya upasuaji. Msimbo ulioandikwa ni O82.0. Bima yao haikuwa ya mwajiri. Mume alikuwa na duka dogo la vitambaa na alinunua bima ya familia kwa wakala tarehe 1 Machi. Bima za namna hiyo aghalabu huwa na kipindi cha kusubiri kwa ajili ya uzazi, na chao kilikuwa miezi 10. Zilibaki siku 22. Kompyuta ilikwisha kupiga mstari mwekundu chini ya tarehe kabla hatujaigusa. Fomu kumi na moja nyingine zilikuwa nyuma yake, nne zikiwa manjano. Tulibofya “hapana”. Ilituchukua dakika 2.

Baada ya robo saa, simu ilipitishwa kwetu kutoka dawati la huduma. Alikuwa mume.

“Dada yangu, samahani kwa kukusumbua usiku. Mke wangu yuko ndani, daktari yuataka kumpasua sasa hivi. Hapa wanambia bima imekataa.”

Tulimjibu kwa sentensi tuliyofundishwa: tunasikitika, huduma hiyo imo ndani ya kipindi cha kusubiri kwa mujibu wa mkataba.

Akanyamaza kidogo. Tulisikia nyuma yake magurudumu ya kitanda yakipita. Kisha akasema, “Haya dada. Ahsante.” Akakata simu.

Tulitarajia matusi, kwani wengi hutukana na haki yao. Yeye alishukuru, na sisi tukashika fomu iliyofuata.

Yaliyobaki tuliyajua baada ya majuma sita, alipoleta risiti zake kudai arejeshewe fedha. Faili iliangukia meza ya mama mmoja mtu mzima wa idara ya madai, ambaye sote tulimwita Khalati kwa heshima. Alikuja hadi mezani kwetu, hakusema na mtu mwingine, akaweka karatasi mbele yetu. “Mwanangu, hebu nisomee ukurasa wa pili.”

Ukurasa wa pili ulikuwa maelezo ya daktari, kwa mkono, yaliyoambatishwa na ile fomu ya usiku. Tulikuwa hatukuyafungua. Yalisema mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka hadi 80 kwa dakika na hayapandi. Hakuna muuguzi wa wodi ya wazazi asiyejua kwamba mtoto aliye tumboni hupiga kati ya 110 na 160. Tungekuwa pale kitandani tungekuwa tumekwisha kuanza kukimbia.

Kisha Khalati akatuonyesha msimbo. O82.0 ni upasuaji wa uzazi uliopangwa, ambao mama na daktari wamekubaliana tarehe. Upasuaji wa dharura ni O82.1. Karani wa hospitali, usiku ule, alibofya sufuri mahali pa moja. Na katika kijitabu cha bima yao, kipengele tulichokijua kwa moyo, mlikuwa na maneno kwamba upasuaji wa kwanza wa dharura wa uzazi hulipwa kutoka kiwango cha kulazwa hata kama miezi 10 haijatimia. Yule bwana alikuwa na haki yake kamili. Kilichohitajika ni sisi kusoma ukurasa mmoja, au kuinua simu na kumwuliza mkunga wa zamu swali moja tu: ni la kupangwa au la dharura?

Nyaraka zilieleza usiku wote. Hospitali ilitaka amana kwanza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo nao walikuwa na makosa yao; lakini yetu ndiyo yaliyotangulia. Jamaa waliamshana, wakachangishana kwa simu. Upasuaji ulifanywa saa 9 kasoro. Mtoto, wa kiume, alikaa siku 11 katika chumba cha watoto wachanga wenye kuhitaji uangalizi. Daktari hakuandika kwamba ni kwa sababu ya kuchelewa, wala hakuandika kwamba si kwa sababu hiyo. Bili ilifika shilingi 184,000. Miongoni mwa risiti palikuwa na karatasi ndogo ya sonara, bila shaka iliyochanganyika kwa bahati mbaya, maana haikuwa na haja ya kuletwa bima: bangili sita za dhahabu, uzito, bei. Wasomaji wetu wa kike hawahitaji kuambiwa bangili za mke wa mwaka wa kwanza zimetoka wapi.

Kampuni ililipa fedha zote juma la saba. Siku chache baadaye bwana yule alikuja ofisini, kijana mpole mwenye kofia ya vito, amebeba kisanduku cha halua. Alimwulizia aliyeshughulikia faili yake. Khalati hakuwapo siku hiyo, wakamleta kwetu. Alitushukuru sana, akatuombea dua sisi na wazazi wetu, akasema watu wengi walimwambia bima haitarudisha kitu. Tulipokea halua. Tuliigawa idara nzima, na sisi tukala.

Alama zetu za mwezi ule wa Disemba zilikuwa 96 kwa 100.

Baada ya kuacha kazi tulisoma habari za daktari mmoja wa Marekani, Linda Peeno. Mwaka 1996 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo na kueleza kwamba mwaka 1987, akiwa mkaguzi wa kampuni ya bima, alikataa kuidhinisha upasuaji ambao ungemwokoa mtu. Mtu yule akafa, kampuni ikaokoa nusu milioni ya dola, na yeye hakuulizwa na mtu yeyote ila sifa yake kazini ilipanda. Hatujilinganishi na ujasiri wake. Yeye alikwenda kusema mbele ya Bunge, na sisi tulikula halua. Tunachokiona ni kwamba hakumwona mgonjwa wake, kama nasi hatukumwona wetu, na kwamba wote wawili tulihesabiwa kuwa wafanyakazi hodari.

Tangu siku ile ya ukurasa wa pili tulianza kusoma kila karatasi na kupiga simu wodini penye shaka. Wauguzi wa zamu walishangaa mwanzoni kupigiwa na bima kuulizwa hali ya mgonjwa. Fomu zetu zikaanza kugeuka manjano, kisha nyekundu. Msimamizi alituita. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na chati yake ya rangi aliyokuwa akiangaliwa nayo kutoka juu. Tulimweleza, akasikiliza, akasema, “Naelewa, dada, lakini jitahidi.” Tukapangiwa usiku miezi mitatu mfululizo. Tulikaa miaka mingine minne baada ya hapo, kwa sababu karo ilikuwa haijaisha, na pia kwa sababu tuliona kwamba tukiondoka ataketi mwingine kwenye kile kiti. Katika hizo sababu mbili, ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Basi, mama yetu wa Kisauni, hatukwambii umkataze binti. Nchi inahitaji wauguzi wema katika meza zile kama inavyowahitaji wodini, na pengine zaidi sasa, maana tangu Oktoba 2024, SHA iliposhika mahali pa NHIF iliyokuwapo tangu mwaka 1966, nyumba nyingi zinakatwa asilimia 2.75 ya mshahara na bado zinanunua bima ya binafsi juu yake, bila kusoma mkataba wa hata moja. Lakini kabla ya kutia sahihi, binti aulize mambo mawili matatu. Alama zake zitahesabiwa kwa nini: kwa kasi tu, au pia kwa majibu yaliyobatilishwa baadaye? Ataruhusiwa kuipigia simu wodi? Usiku, kuna daktari wa kampuni anayeshika simu? Namna watakavyomjibu itamweleza mengi kuliko mshahara. Kuhusu uhalali wa bima yenyewe uliouliza mwishoni mwa barua, hilo si la safu hii. Mwende kwa masheikh wenu, na mjue kwamba Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu mwaka 2011, kama moyo utaelemea huko.

Na nyinyi wengine mnaobeba kadi: kijitabu kile kisikae chini ya godoro. Tafuteni mahali panaposema kipindi cha kusubiri, na mahali panaposema dharura. Msifiche ugonjwa mnaoujua wakati wa kujaza fomu, kwani ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukataliwa baadaye. Mkiambiwa hapana, ulizeni sababu kwa maandishi, mwombeni daktari aandike neno dharura kwa herufi kubwa, na mwulizeni karani amebofya msimbo gani. Msione haya. Kampuni ikishikilia pasipo haki, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko ya wananchi.

Jumapili iliyopita tulimpigia mama simu ili tusimwache akingojea gazeti. Alitupa binti tuzungumze naye. Alisikiliza yote haya kwa adabu, kisha akauliza jambo moja: yule bwana wa halua, je, tulipata kumwambia kwamba aliyebofya “hapana” usiku ule ni sisi?

Tulimjibu kwamba hatukumwambia. Duka lake tunalijua, liko nyuma ya soko, na mara mbili tumepita mbele yake tukanunua mahali pengine.